Muziki wa Matabaka: Kutoka Cairo 1944 Hadi Mabati ya Olenguruone

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, si kwa kupenda. Nilikuwa nyumbani Olenguruone nikipambana na bagi moja sugu katika programu ya kujumlisha kilo za majani chai, na ukiwa huku juu kwenye baridi ya Mau, usiku ni mrefu. Basi nikawa natega masikio kwenye hedifoni mpaka usiku wa manane. Leo hakuna msimbo. Leo tunaongea juu ya kile nilichokuwa nikisikiliza, maana kilizua ubishi nyumbani.

Binamu yangu aliingia, akavua hedifoni moja kutoka sikioni mwangu, akasikiliza kama nusu dakika, akacheka. Akasema huo ni muziki wa Wazungu wa kulalia, wa kuchezwa kwenye lifti za hoteli za Nairobi. Kogo (ndiyo bibi, kwa wasiojua Kikalenjin) naye akataka kusikia. Nikamvisha. Akatulia kitambo, kisha akauliza: "Hii ni nyimbo au ni mvua?"

Swali la kogo lilikuwa zuri kuliko hukumu ya binamu, na nitalirudia. Ila kwanza nimjibu binamu, kwa sababu najua wengi mnawaza kama yeye.

Muziki ninaouzungumzia ni ule wa kielektroniki unaojengwa tabaka juu ya tabaka. Inaingia sauti moja ndefu, inakaa. Juu yake inapandishwa nyingine, labda kama violini, labda kama kwaya iliyo mbali. Kisha piano noti tatu nne, kisha kimya, kisha kitu kama upepo. Nusu yake ina harufu ya muziki wa klasiki, ule wa okestra na kinanda cha kanisani. Nusu nyingine ni ule utulivu ambao wenye maduka ya kaseti waliubandika jina "nyu eji", yaani zama mpya. Hakuna ngoma ya kukuinua kitini na mara nyingi hakuna maneno. Mtu aliyezoea kusikiliza ujumbe wa mwimbaji anabaki anasubiri wimbo uanze, na wimbo uko katikati tayari.

Hata kama hujui jina lake, umeshausikia. Mwaka 1981 Mgiriki Vangelis alitunga muziki wa filamu ya Chariots of Fire, inayohusu wanariadha wa Uingereza kwenye Olimpiki ya Paris ya 1924. Sisi watu wa Bonde la Ufa mambo ya mbio hatufundishwi, lakini ule muziki wa mwanzo, piano ikitembea juu ya sauti za sintesaiza, ulizunguka dunia nzima na ukampa Oscar. Vangelis alipenda sana kinanda cha Yamaha CS-80, chombo chenye uzito wa zaidi ya kilo 80, karibu gunia la viazi. Halafu mwaka 1988 akaja Enya wa Ireland na albamu ya Watermark. Ukisikia kwaya humo ndani, jua kwamba hakuna kwaya. Ni yeye peke yake, amerekodiwa tena na tena, makumi kwa makumi ya sauti yake mwenyewe zikirundikwa moja juu ya nyingine.

Mliowahi kutumia Photoshop mnaelewa. Picha moja, matabaka mengi. Unaweza kulifanya moja lipauke, jingine ulisogeze kidogo, na anayeitazama anaona picha moja tu. Huku ni hivyo hivyo, ila kwa masikio.

Wengi hawajui kwamba matabaka haya hayakuanza kwa sababu ya urembo. Yalianza kwa sababu mashine zilikuwa na upungufu. Mwaka 1968 Mmarekani Wendy Carlos alitoa albamu ya Switched-On Bach, nyimbo za Bach zikipigwa kwa sintesaiza ya Moog. Moog ya wakati ule ilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Moja! Kupata sauti tatu za pamoja ilibidi upige ya kwanza, uirekodi kwenye kanda, urudi mwanzo, upige ya pili juu yake, na kadhalika, wimbo mzima. Ikikosewa, unarudia. Sisi tunaolalamika programu ikichukua dakika mbili kukompaili tuone aibu kidogo. Hapo ndipo klasiki na kielektroniki zilipofunga ndoa mbele ya umati, na albamu ile ikauza mno.

Kuna mwingine ambaye mwandishi yeyote wa programu atampenda: Brian Eno, Mwingereza. Mwaka 1978 alitoa Music for Airports, albamu ambayo ndiyo iliyolipa jina la ambienti nguvu. Katika kipande chake cha pili alichukua sauti za watu wakiimba "aaa" tu, kila noti kwenye kitanzi chake cha kanda, yaani lupu. Ujanja ni kwamba lupu hazina urefu sawa. Kwa maelezo yake mwenyewe, moja ilikuwa inarudi kila sekunde 23 na nusu hivi, nyingine karibu sekunde 26, nyingine karibu 30. Ukiziachia zote zizunguke, zinakutana na kupishana kwa namna ambayo hata yeye hakuipanga.

Nilishindwa kujizuia, nikapiga hesabu. Chukua hizo tatu tu, 23.5, 26 na 30, utafute kigawe chao kidogo cha shirika kama tulivyofundishwa darasa la sita. Jibu ni sekunde 18,330. Ni zaidi ya saa 5 kabla ya lupu hizo tatu kurudi zilipoanzia! Na kipande chenyewe hakifiki dakika 10. Kwa hiyo unasikia mlango tu wa nyumba ambayo hutaimaliza kuitembea. Tangu nifanye hesabu ile sijawahi kuuona muziki ule kama wa lifti.

Sasa hapo binamu akaruka: "Si unaona! Mgiriki, Mwairishi, Mmarekani, Mwingereza. Nimesema ni wa Wazungu."

Ngoja kwanza.

Rudi nyuma mpaka mwaka 1944, miaka 24 kabla ya Wendy Carlos. Mahali ni Cairo, Misri. Kijana mmoja, Halim El-Dabh, mwanafunzi wa uhandisi wa kilimo (naam, kilimo, kama vijana wengi wa huku kwetu wanaokwenda Egerton), aliazima kinasa sauti kutoka kituo cha redio cha mjini. Kilikuwa cha waya. Kabla ya kanda kuenea, sauti zilihifadhiwa kwa sumaku juu ya waya mwembamba wa chuma. Akaenda nacho kwenye zaar, ngoma ya wanawake ya kutuliza mapepo, jamaa ya karibu ya zile ngoma za pepo za pwani yetu. Akarekodi uimbaji wao. Kisha akarudi studio na kufanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha: akaondoa sauti za chini, akabakiza zile za juu zinazoelea, akazipitisha kwenye chumba cha mwangwi, akazirekodi upya.

Matokeo yake ni sauti za binadamu zisizotambulika tena kuwa za binadamu, zinazovuma kama ukungu. Ukiupata ule mkato wa dakika mbili unaojulikana kwa Kiingereza kama Wire Recorder Piece, usikilize ukiwa peke yako. Vitabu vingi huanza historia hii na Mfaransa Pierre Schaeffer, aliyefanya majaribio yake ya kukatakata sauti za treni mwaka 1948. Huo ni mwaka wa nne baada ya Cairo. Simnyimi Schaeffer haki yake, aliyaandikia nadharia na akajenga shule nzima. Lakini tarehe ni tarehe.

El-Dabh baadaye alihamia Marekani na mwaka 1959 akaanza kufanya kazi kwenye kituo cha muziki wa kielektroniki cha vyuo vya Columbia na Princeton. Kisha, jambo linalotuhusu zaidi, akaja upande wetu. Miaka ya mwanzo ya 1960 alifundisha chuo kikuu Addis Ababa na mwaka 1963 akasaidia kuanzisha Orchestra Ethiopia, iliyoweka ala za kienyeji za makabila tofauti kwenye jukwaa moja. Alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 96.

Kutoka Addis hiyo hiyo akatoka mtu wa pili. Hailu Mergia alikuwa mpiga kinanda wa Walias Band, bendi iliyokuwa ikitumbuiza hoteli ya Hilton mjini humo. Bendi ilikwenda Marekani mwaka 1981, baadhi wakarudi, yeye akabaki Washington. Mwaka 1985 aliingia studio peke yake, bila bendi. Akapiga akodiani (ile ile mnayoijua kwenye mwomboko), juu yake akaweka piano ya umeme, juu yake sintesaiza, chini kabisa mashine ya ngoma ikigonga polepole. Mtu mmoja akijijengea bendi nzima kwa matabaka, nyimbo za zamani za kwao zikipita katikati kama mtu anayekumbuka nyumbani. Kaseti ikatoka, ikauzwa kwa Wahabeshi, ikasahaulika. Mergia akawa dereva wa teksi, kinanda chake kidogo kikikaa kwenye buti ili afanye mazoezi akisubiri abiria uwanja wa ndege wa Dulles. Kaseti hiyo ilikuja kuokotwa dukani Bahir Dar na Mmarekani mmoja mpenda kaseti za Afrika, ikatolewa upya mwaka 2013, na mzee akarudi jukwaani. Mwaka 2018 akatoa albamu mpya kabisa, Lala Belu.

Fikiria: kazi ile ilibaki kwa bahati ya kaseti moja dukani. Hilo ndilo lililonifanya niache ubishi na binamu nianze kuwaza habari za kwetu.

Ukitoka Olenguruone ukashuka kuelekea magharibi, ukapita Bomet, utaikuta barabara ya Kericho kwenda Sotik, na juu yake Kapkatet. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine za kurekodi, alifika hapo. Wasichana wa Kikipsigis wakamwimbia wimbo unaoitwa Chemirocha, kinubi kikizunguka chini yao taratibu. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1933! Santuri zake zilikuwa zimefika kwa gramafoni mpaka vijijini, jina likapita kwenye ulimi wa Kikalenjin likatoka hivyo, na mtu mwenyewe akageuka kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu paa.

Usikilize wimbo ule kwa masikio ya matabaka. Chini kuna kinubi kinachorudia mzunguko mfupi, yaani lupu. Juu yake sauti za wasichana, nyepesi, hazina haraka. Na nyuma ya hizo, usiyoisikia lakini ipo, ni santuri ya Mmarekani. Hakuna umeme popote pale, ila mpangilio ni huo huo.

Rekodi hizo zilikaa kwenye maktaba aliyoianzisha Tracey Afrika Kusini mwaka 1954, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Mwaka 2014 watu wa maktaba hiyo pamoja na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha kwa Wakipsigis. Mmoja wa wanamuziki waliorekodiwa, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, alisikia sauti yake ya ujanani kwa mara ya kwanza. Miaka 64! Hata seva zangu hazijawahi kuchelewa hivyo :-)

Lakini mwaka 1950 una jambo jingine, na hili halina kicheko. Ni mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilipomaliza kuwaondoa Wagikuyu waliokuwa wamewekwa Olenguruone tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940. Walikataa masharti mapya ya ardhi, wakala kiapo cha umoja, wakang'olewa, na waliobaki wakapelekwa Yatta, kwenye ukame. Nyimbo za harakati zilizofuata zilikuja kuitaja Olenguruone. Ila hebu tazama: mwaka mmoja, Bonde la Ufa moja, upande huu mtu ana mashine anahifadhi sauti, upande ule lori zinabeba watu pamoja na sauti zao. Na haikuwa mara ya mwisho watu kuhamishwa au kukimbia hapa. 1992, 1997, mwanzo wa 2008, wenyeji mnajua, sina haja ya kusimulia. Kila mara nyumba inapochomwa tunahesabu mabati na ng'ombe. Sauti za mahali hatuzihesabu.

Ndiyo maana kijana mmoja wa Nairobi ananigusa kuliko Vangelis na Enya wote. Anaitwa Joseph Kamaru. Ndiyo, jina la yule mkongwe wa muziki wa Kigikuyu, aliyezaliwa 1939 na kufariki Oktoba 2018. Ni mjukuu wake, na jina alilipata kwa desturi ya Wagikuyu ya kuwapa watoto majina ya babu. Kwenye muziki anajiita KMRU, yaani Kamaru bila irabu, kama vile sisi tunavyofupisha majina ya vigezo kwenye programu. Babu alikuwa na maneno makali mpaka wanasiasa wakakosa usingizi. Mjukuu mara nyingi hana neno hata moja.

Anatembea na kinasa sauti, anarekodi barabara, ndege, mashine, vyumba vitupu, halafu anavipanga tabaka juu ya tabaka mpaka vinakuwa kama kwaya isiyo na watu. Albamu yake ya Peel ilitolewa Julai 2020 na Editions Mego ya Austria, na kipande cha mwisho kinapita dakika 20. Ya Natur, ya mwaka 2022, ni kipande kimoja kirefu kinachotumia mavumo ya sumaku-umeme yanayotoka kwenye nyaya na vifaa, zile sauti ambazo masikio hayazisikii bila kifaa maalumu. Ni wazo lililomjia baada ya kuhama kutoka Nairobi, ambako nyaya zinaning'inia kila mahali, kwenda Berlin, ambako zimefichwa. Mhandisi gani hatapenda hiyo?

Lakini ile inayonisumbua ni Temporary Stored, ya mwaka huo huo wa 2022. Jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lina hazina ya rekodi zilizochukuliwa Afrika ya Kati enzi za ukoloni. KMRU alipata baadhi ya sauti hizo akazifanya matabaka ya kazi mpya. Jina lenyewe linamaanisha kitu kilichohifadhiwa kwa muda tu. Kwa muda! Na wakati huo huo amekuwa akizitoa upya kwa mtandao nyimbo za babu yake, ili zisiishie kwenye santuri zilizokwaruzika.

Hayuko peke yake. Nyokabi Kariũki, mtunzi wa Kikenya aliyesomea utunzi New York, alitoa mwaka 2022 kazi inayoitwa peace places: kenyan memories. Humo kuna kipande ambacho jina lake ni matembezi katika shamba la cũcũ wake. Huyu anaielewa klasiki kutoka ndani, piano na sauti, lakini tabaka la chini kabisa ni nyumbani. Wanaoanza, anzeni na huyu kabla ya KMRU, ni mlango mwepesi zaidi. Tumieni hedifoni, hata za bei rahisi, kwa sababu spika ya simu inakata sauti za chini, na tabaka la chini ndilo linalobeba yote. Usijaribu kufuata kila kitu mara moja. Chagua sauti moja, ifuate mpaka ipotee, kisha rudia kipande ukifuata nyingine.

Binamu nilimpigia Hailu Mergia. Hakusema kitu, ila alikaa mpaka mwisho, na kwa yeye hiyo ni hotuba nzima.

Kuhusu kogo na swali lake la mvua. Mwaka 2007 nilimrekodi kwa simu ya Nokia akiimba wimbo wa kubembeleza watoto, jioni, mvua ikipiga mabati ya jikoni. Nilirekodi karibu robo saa. Kadi ya simu ikaharibika, na mimi, ninayewahubiria wateja kila siku juu ya kuweka nakala mbili, sikuwa nayo hata moja. Mwaka jana niliendesha programu ya kuokoa faili kwenye kadi ile. Nikapata sekunde 41. Ni umbizo la AMR, sampuli 8,000 kwa sekunde, ubora wa simu tu: mvua imekuwa kama mchanga unaomwagwa na sauti ya kogo iko nyuma yake, nyembamba. Kogo leo haukumbuki tena wimbo ule wote.

Nimeiweka kwenye Audacity. Nimeichukua sekunde 6 ambapo anavuta neno moja, nikaipunguza kasi mara nne, nikaifanya lupu. Tabaka la pili ni mvua ya mwezi uliopita, nimeirekodi vizuri safari hii, mabati yale yale. Urefu wa lupu hizo mbili haulingani. Nilimvisha kogo hedifoni tena jana jioni. Alisikiliza, akanyoosha kidole kuelekea jikoni, kisha akaanza kuimba mstari uliokuwa umekatika, na mimi nikabonyeza kitufe chekundu.

Nakala ziko tatu sasa.